Nkungwe, mlima wenye wenyewe

Magharibi mwa Tibet kuna mlima ambao hajulikani binadamu aliyewahi kufika kileleni kwake. Ramani nyingi huuita Kailash, Watibeti wenyewe huuita Kang Rinpoche. Una mita 6,638, pungufu ya Everest kwa zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo si kimo kilichowashinda watu. Katika miaka ya 1980 serikali ya China ilikuwa tayari kumruhusu Reinhold Messner, yule Mtaliano aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kumaliza vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000, naye akakataa kuupanda. Wabudha, Wahindu, Wajaini na wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, wote wanauhesabu kuwa mahali patakatifu, na ibada yake ni kuuzunguka. Mzunguko mmoja ni kilomita 52 hivi, na sehemu ya juu kabisa ya njia, kipito cha Drolma La, imevuka mita 5,600. Mbudha huzunguka mlima ukiwa kuume kwake. Mfuasi wa Bon huja kwa upande wa pili. Wapo wanaouzunguka kwa kusujudu: mtu analala kifudifudi, anainuka, anasogea hadi pale vidole vyake vilipogusa, kisha analala tena, siku baada ya siku.

Habari hizi zote nilizipata Simbo, mkoani Kigoma, kwa fundi wa umeme wa jua ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi na ambaye Tibet ilikuwa imemwingia kichwani. Simu yake ilijaa picha za zile bendera za maombi za rangi tano, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano, zikipepea kwenye vipito vya milima. Alishapiga hesabu yote: nauli, viza ya China, kibali cha pekee cha kuingia Tibet, na malipo ya kampuni ya utalii, maana mgeni haruhusiwi kuzurura kule bila mwongozaji. Hesabu ilikataa. Siku moja jioni tukiwa kwake, mwenzetu mwingine, mwalimu wa sekondari ambaye mama yake ni Mtongwe wa Buhingu, akamuuliza kama anachotaka ni mlima wenye wenyewe na njia ya mahujaji, kwa nini avuke bahari ilhali Nkungwe uko hapo kusini. Fundi hakuwa na jibu. Nami niliyezaliwa Ujiji, nikasoma Kigoma, nikajua mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe kama ninavyojua jina langu, sikuwa na jibu pia.

Nisieleweke vibaya. Himalaya si ya watu wa mbali peke yao. Wilfred Moshi alifika kilele cha Everest mwaka 2012, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo. Rawan Dakik, binti wa Kitanzania, akafika mwaka 2021. Mwaka uliofuata akafika James Kagambi wa Kenya akiwa na zaidi ya miaka 60. Mtu akitaka kwenda aende. Lakini kilichomvutia fundi hakikuwa theluji. Alitaka kuona watu na mlima wao wakiishi pamoja, na hicho kitu hakihitaji theluji. Wabakonzo wa Rwenzori wanaye Kitasamba, anayekaa huko juu kwenye barafu. Wakikuyu waliugeukia Mlima Kenya walipoomba. Wamasai wana Ol Doinyo Lengai. Na Watongwe walikuwa wakipanda kwenda kwa Nkungwe, kilele cha mita 2,462 kwenye milima ya Mahale, muda mrefu kabla mtu yeyote hajafikiria kupaita hifadhi.

Basi tukajipanga, marafiki wanne, kwa msimu wa kiangazi.

Simbo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ya barabara. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Simbo–Ilagala–Kalya, inayoteremka kusini sambamba na ziwa. Wasafiri wengi wa Mahale hawaijui. Wenye fedha huruka kwa ndege ndogo, wengine hukodi boti Kigoma, na wenyeji wa vijiji vya kusini hupanda maboti ya mbao pamoja na magunia na kuku wao. Zamani ungesema subiri Liemba. Meli hiyo iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927, ndiyo iliyokuwa usafiri wa ziwa hili kwa vizazi kadhaa. Kisha ikasimama miaka kadhaa ikisubiri matengenezo makubwa, na watu wa kusini wamejifunza kutegemea barabara, mvua zikiwaruhusu.

Michikichi ndiyo inayokusindikiza ukitoka Simbo. Tangu Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipoizindua kampeni ya zao hili mwaka 2018, miche ya tenera kutoka kituo cha utafiti cha TARI Kihinga imesambaa wilayani, lakini michikichi mirefu ya zamani iliyopandwa na mababu bado ipo, imeinama hapa na pale juu ya mapaa. Kando ya njia akina mama wanakamua mawese. Chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinapondwa, zinakamuliwa, na rojo jekundu linarudishwa motoni mpaka mafuta yaelee juu. Kokwa hazitupwi, zinakaushwa na kubanguliwa kupata mise, na mafuta ya mise yanakwenda kwenye sabuni. Tulinunua chupa moja ya mawese kwa ajili ya mboga ya njiani, na fundi, aliyezaliwa Simbo na kukulia humo, alibishana bei kana kwamba ni mgeni.

Ilagala gari linasimama kungoja pantoni. Malagarasi, mto mrefu kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika, unafika hapa umechoka, umetoka mpakani mwa Burundi, umezunguka mabwawa ya Moyowosi, umepita Uvinza kwenye chumvi, na sasa unatambaa polepole kabla ya kujigawa na kuingia ziwani. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya pili mazungumzo garini yanabadilika. Kiha kinapungua, lafudhi nyingine zinaingia, na majina ya vijiji yanayofuata, Sunuka, Sigunga, Igalula, Buhingu, ni majina ambayo mtu wa mjini huyasikia tu kwenye matangazo ya matokeo ya mitihani.

Buhingu tulilala kwa ndugu wa mwalimu. Baada ya shikamoo na maswali ya ukoo, chakula kikaletwa: ugali wa muhogo na migebuka iliyochomwa kisha ikaungwa kwa mawese. Nilikuwa nimesoma habari za Makoto Kakeya, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Kyoto aliyeishi na Watongwe katika miaka ya 1970, akajifunza uganga wao hadi akaingizwa rasmi kuwa mganga, mfumo kwa Kitongwe. Kakeya alishangazwa na jambo moja. Watongwe walilima kiasi cha kuwatosha tu, lakini sehemu kubwa ya chakula hicho iliishia midomoni mwa wageni. Na akiba ya nyumbani ilipokaribia kwisha, wao nao walisafiri kwenda kuwa wageni kwa wengine. Hapakuwa na aliyekuwa na ghala kubwa, na hapakuwa na aliyelala njaa kirahisi. Pembeni yake Kakeya aliona hofu ya husuda na ulozi, inayomfanya mtu asitake kuwazidi wenzake waziwazi. Nilipokuwa nikijaziwa sahani mara ya tatu niliacha kufikiria anthropolojia.

Usiku ule ndipo tulipopata sehemu ya safari ambayo haimo kwenye kijarida chochote cha utalii. Mzee wa nyumba, baada ya kutupima kwa muda, alituelezea mugabo. Ni pepo walinzi wa nchi: wapo wa mlimani, wapo wa kwenye mti mkubwa, wapo wa mtoni, wapo wa kwenye jabali. Kila sehemu ya nchi ina wake, na mwami, mkuu wa ukoo anayeimiliki sehemu hiyo, ndiye aliyekuwa na wajibu wa kusimama kati ya watu na mugabo wao. Aliye juu ya milima yote hiyo ni wa Nkungwe. Alizungumza kwa utulivu wa mtu anayeeleza mipaka ya shamba. Yeye mwenyewe ni Mwislamu, swala tano hazimpiti, na hakuona mgongano wowote ambao sisi tulikuwa tukijiandaa kumuuliza.

Kwa boti, kutoka Buhingu hadi makao makuu ya hifadhi pale Bilenge si mbali. Asubuhi ziwa limelala. Kisha milima inajitokeza, na hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini walioishi chini yake waliiogopa. Haianzi kwa vilima vya kujipasha moto. Inapanda moja kwa moja kutoka mchangani, msitu juu ya msitu, hadi mawingu yanapoukata. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya bahari, kwa hiyo hadi kileleni ni karibu mita 1,700 za kupanda kwa miguu. Na chini ya boti kuna maji yanayofika kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya ndani kabisa. Magharibi, ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa mstari wa buluu tu.

Hifadhi ya Milima ya Mahale ilitangazwa mwaka 1985. Ina kilomita za mraba 1,613, na mtalii haizunguki kwa gari, anatembea. Wengi wanakuja kwa sababu ya sokwe mtu, nao wana haki, kwani Mahale ni mojawapo ya sehemu mbili nchini, nyingine ikiwa Gombe, zilizoifundisha dunia habari za sokwe mtu porini. Jane Goodall alianza Gombe mwaka 1960. Mwaka uliofuata kikosi cha Kyoto chini ya Kinji Imanishi kilifika upande huu wa ziwa, na mwaka 1965 Toshisada Nishida, kijana wakati ule, akaweka kambi Kasoge na kuanza kuwazoesha sokwe kwa miwa na ndizi.

Inafaa kusimama hapo Kasoge, kwa sababu Kasoge kilikuwa kijiji.

Watongwe waliishi humu milimani, kaya chache hapa, chache pale, wakifyeka, wakilima mahindi na muhogo, wakihama shamba lilipochoka. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya kwenye vijiji vikubwa vya pwani ya ziwa, na muongo mmoja baadaye hifadhi ikaufunga mlango nyuma yao. Msitu ukarudi kwenye mashamba. Lakini miti ya matunda haikuhama. Watafiti wa Kijapani waliandika jinsi sokwe walivyojifunza taratibu, mmoja akimwiga mwingine, kula maembe, mapera na malimau ya watu walioondoka. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alituonyesha mwembe mmoja mnene umesongwa na mipira ya mbungo. Mwembe haujiotei katikati ya msitu wa Mahale. Mtu alikula embe, akatupa kokwa karibu na nyumba yake, na nyumba haipo. Mwalimu alisimama pale muda mrefu kuliko sisi.

Hapa ndipo Tibet inapokuwa mwalimu mzuri, kwa kufanana na kwa kutofanana. Anayetembea Himalaya, iwe upande wa Nepal au wa Tibet, anatembea miongoni mwa watu. Analala kwenye nyumba zao, anapita mbele ya nyumba za watawa, anazikuta njiani kuta za mawe yaliyochongwa maombi, na mwongozaji wake wa Kisherpa anafanya ibada ya kuomba radhi kwa mlima kabla ya kuukanyaga. Khumbu, penye kijiji hiki na kile cha Masherpa kwenye njia ya Everest, uko mlima wa Khumbila wa mita 5,761 ambao wenyewe wameuacha bila kupandwa, na wageni wanauheshimu uamuzi huo huku wakimwaga mamilioni ya dola kwenye milima ya jirani. Mwaka 1953 Tenzing Norgay alipofika juu ya Everest na Edmund Hillary, alichimba shimo dogo kwenye theluji akafukia peremende na biskuti kuwa sadaka. Yaani dini imo ndani ya safari, na mgeni akitaka asitake anaipita.

Nkungwe umebaki na msitu wake, umebaki na wanyama wake, umepoteza nyumba zake. Mgeni anaweza kuja Mahale, akakaa siku kadhaa kwenye kambi ya kifahari, akaona sokwe, akaogelea, akaondoka bila kusikia jina Mtongwe. Nasema hivi bila kusahau kwamba watu wangebaki na mashamba yao yakazidi kupanuka, pengine pasingekuwa na cha kuonyesha leo. Nenda kaone vilima vingi vya mkoa huu vilivyobaki upara. Mambo yote mawili ni kweli, na sipendi makala zinazochagua moja.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya miguu na mapafu. Mwanzoni ni msitu wa kando ya ziwa, hewa nzito, jasho linatiririka kabla jua halijawa kali. Mbega wekundu wanarukaruka juu. Siafu walitukata njia mahali pamoja, na mwenzetu wa nne, karani anayejisifu kwa jozi yake mpya ya viatu vya kupandia milima, alijifunza kwamba siafu huingia kwa juu ya soksi. Kisha msitu unafunguka, miombo inachukua nafasi, ardhi inakuwa ya mawe na upepo unaingia. Juu zaidi mianzi imebanana hadi mnapita ubavu ubavu. Huku hakuna nyumba za wageni wala chai ya siagi ya yaki. Kuna hema, ugali, dagaa, karanga na maji ya kijito, na bunduki ya askari imelazwa kwenye jiwe.

Askari huyo alikuwa hazina ya safari. Alilelewa na babu anayejua dawa, na kila baada ya hatua kadhaa aligusa jani na kulitaja kwa Kitongwe. Si yeye tu. Sayansi yenyewe ya Mahale imejengwa juu ya maarifa hayo. Nishida na mwenzake Shigeo Uehara walichapisha mwaka 1981 orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, kwa sababu wafuatiliaji wa sokwe walikuwa Watongwe na bila majina yao mtafiti asingejua sokwe amekula nini.

Kisa kikubwa kuliko vyote alitusimulia mbele ya kichaka cha mujonso. Ni ule mmea mchungu wa kando ya mito na kwenye mashamba yaliyolala, ambao Wahaya huuita mubilizi na ambao sehemu nyingi za Afrika hunywewa kwa malaria na minyoo. Novemba 1987, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa wanyamapori na mganga wa jadi, alikuwa porini na mtafiti Michael Huffman wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Chausiku alikuwa mgonjwa: analala mchana, hachezi na mwanawe, hali. Wakamwona anakwenda kwenye mujonso, anavunja chipukizi, anamenya ganda, anatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu. Ladha hiyo sokwe hawaifuati kwa raha. Kalunde akamweleza Huffman kwamba hiyo ni dawa yao ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amerudia hali yake. Wawili hao waliandika pamoja makala iliyotoka mwaka 1989, wakemia wa Kyoto wakaupima mmea na kukuta viambato vinavyopambana na vimelea, na leo ni vigumu kuzungumzia wanyama kujitibu bila kukitaja kisa hicho.

Kalunde hakushangaa kama alivyoshangaa mgeni wake, kwa sababu kwao habari hiyo ilikuwa ya nyumbani. Babu yake, Babu Kalunde, naye mganga, alikuwa amemwona nungunungu mgonjwa wa kuhara damu akichimba na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele, mmea ambao watu waliuhesabu kuwa sumu. Kijiji kilipokumbwa na ugonjwa kama huo, aliwashawishi wenzake, akaumeza kwanza yeye mbele yao ili waone hafi. Ukawa dawa ya ukoo. Ningependa kuona wanafunzi wa Kigoma wakiulizwa habari za Babu Kalunde kwenye mtihani, hata kama itabidi kumpunguzia Stanley alama mbili tatu.

Sokwe tuliwakuta tukiwa njiani kushuka, kundi la M, ndilo lililozoea watu. Barakoa usoni, mita kumi za umbali, saa moja na si zaidi. Masharti hayo si mapambo: mwaka 2006 maradhi ya kifua, ya aina inayotokana na binadamu, yaliua sokwe wa kundi hilo. Ukiwa na mafua unarudishwa hata kama umelipa. Tuliwaona wawili wameketi uso kwa uso, kila mmoja ameinua mkono mmoja juu, viganja vimeshikana, mkono wa pili unachambua manyoya ya mwenzake chini ya kwapa. Mkao huo uliandikwa kwa mara ya kwanza hapa Mahale katika miaka ya 1970, na Gombe, umbali wa safari ya boti tu, sokwe hawaufanyi. Kwa hiyo nao wana mila zao za huku na za kule. Karani alitaka zaidi habari za siasa zao, na askari akamridhisha kwa kisa cha Kamemanfu, dume mzee wa kundi la zamani la K. Madume wawili wenye nguvu, Kasonta na Sobongo, waligombea ukubwa. Kamemanfu hakuwa na nguvu ya kumpiga yeyote kati yao, basi akawa anamuunga mkono huyu leo na yule kesho, na kila mara aliyeungwa mkono alimwachia majike. Nishida aliyaandika hayo mwaka 1983. Sisi tulicheka sana, kwa sababu ambazo msomaji anazijua.

Kilele nimekiruka makusudi, kwa kuwa hakikuwa jambo kubwa kama tulivyodhani. Tulifika na mawingu. Yalipopasuka tukaona ziwa chini, jembamba na refu, Kongo upande wa pili, na nyuma yetu nyika ya miombo inayokwenda mashariki bila mwisho. Fundi alikuwa amebeba bendera za kitambaa alizojishonea Simbo, rangi zote tano kwa mpangilio wake. Askari akamwambia kwa upole kwamba hifadhini hakiachwi kitu. Wakaanza kujadiliana. Mwalimu akaingilia kwa sababu nyingine kabisa: akasema huu si mlima wa bendera, na mwenye mlima akikaribishwa mila ambayo siyo yake anaweza kuuliza wake wamekwenda wapi. Fundi alizikunja akazirudisha mfukoni. Kwa maoni yangu mwalimu alikuwa sahihi, ingawa nililala nikijiuliza kama Watongwe wenyewe wangeruhusiwa kuacha sadaka pale ikiwa wangependa. Tenzing angeambiwa nini?

Swali hilo linahitaji kujibiwa na watu wawili kwa pamoja, wenye hifadhi na wenye mlima. Zipo dalili kwamba linajibika, maana hata matangazo rasmi ya Mahale siku hizi yanaitaja njia ya Nkungwe kuwa ni ya hija ya kale ya Watongwe. Ikiwa ni hija, basi wazee wa Buhingu, Katumbi na Lagosa wanastahili kuwa sehemu ya safari na sehemu ya malipo, kama mwongozaji, mpishi na mwenye boti wanavyostahili. Usiku mmoja kijijini, mzee akisimulia kile anachotaka kusimulia na kunyamazia asichotaka, haugharimu hifadhi chochote. Ninachokiogopa ni upande wa pili wa sarafu ya Himalaya: ngoma ya kukodi, mganga wa kuvaa ngozi saa kumi jioni wageni wakishuka botini, sadaka ya kupigia picha. Mzee wetu wa Buhingu alikataa kupigwa picha, na ningependa mpango wowote utakaobuniwa uanze kwa kulinda haki yake hiyo ya kukataa.

Anayetaka kwenda asubiri kiangazi, Mei hadi Oktoba. Masika njia zinateleza na barabara ya kusini inaweza kukukwamisha. Kigoma kunafikika kwa ndege, kwa basi na kwa treni ya reli ya kati, ile iliyofika ziwani mwaka 1914. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo kinachokula fedha ni boti. Nendeni wengi mchangie. Nkungwe haupandwi bila askari mwenye silaha, na taarifa itolewe mapema ili apangwe. Watoto wa chini ya miaka 12 hawaruhusiwi kwenye sokwe. Soksi ziwe ndefu, suruali ichomekwe ndani yake. Wakati wa kuomba askari, omba anayejua Kitongwe, na ukifika Bilenge bila kupitia kijijini kwanza, umeshakosa nusu ya safari.